Mawe Matatu Yasiyolia

Msomi wa kwanza kufika uwanjani kwangu alilamba jiwe. Sikusimuliwa, nilimwona. Alichuchumaa hapa Kibakwe, kando ya barabara ninapopanga mawe ya kuuza, akaokota kipande, akakigeuza huku na huku, akatoa ulimi akakilamba kama mbuzi aliyeona magadi. Nikamwita mke wangu aje ashuhudie. Tulicheka mpaka yule bwana akaona haya, akasema jiwe likilowa rangi zake zinaonekana vizuri.

Nikamwambia, "Maji yapo, baba. Mtungi ule pale. Hapa kwetu hatujafikia kulamba."

Huyo alikuwa daktari wa mawe, mwalimu wa chuo kikuu. Kofia pana, viatu vizito kama vya mfungwa, nyundo yenye mpini wa mpira ili mkono usiumie. Nyundo ya kutomuumiza mtu! Nikajisemea, basi hawa ndio wanaotaka kunifundisha mimi habari za mawe.

Shule mimi niliishia darasa la tatu na sijawahi kuililia. Nilianza kupasua mawe ndevu hazijaota, kokoto za barabara, nikapanda mpaka mawe ya misingi. Nyumba yenye msingi wa kueleweka kati ya hapa na Mpwapwa, uliza imekanyaga jiwe la nani. Serikali ilipohamia Dodoma na kila mwenye kiwanja Ihumwa akataka ukuta, waliniita na huko, kwa sababu mafundi wao walikuwa wanapanga mawe kama maandazi kwenye sinia. Niliwabomolea msingi mmoja mbele ya mwenye nyumba, nikaujenga upya, na hakuna aliyefungua mdomo.

Jiwe linajulikana kwa sauti. Lipige nyundo, kisha nyamaza usikie. Likilia ngeee, kama kengele ya kanisa, hilo ni zima, jengea. Likisema bwu, kama unapiga gunia la mtama, basi ndani kuna ufa, au kuna ulanga, yale magamba yanayometameta ambayo watoto hubandua kwa kucha. Jiwe la namna hiyo ni takataka. Sheria ya uwanja wangu ni moja tu, na watu wote wa huku wanaijua: jiwe lisilolia haliondoki kwangu kwenda kwa mtu. Hata aliyenitukana hajawahi kupata kwangu jiwe bubu.

Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo lililoniponza.

Yule daktari alikuja na mwanafunzi wake, binti wa Kondoa, mwembamba, kilemba kichwani, begi lililojaa mawe mgongoni na halalamiki. Alipiga magoti akanipa shikamoo ya kweli, si ile ya kutupa ukiwa unapita. Wakakaa siku nne kwetu wakipanda ule mlima wa nyuma, mimi nikiwaonyesha njia. Jioni ya kwanza tukila, nikamuuliza wanatafuta nini, dhahabu au vito.

"Hapana babu. Tunatafuta mlima huu ulitoka wapi."

"Umetoka wapi? Mlima haujatoka popote. Nimezaliwa nimeukuta."

"Ulikuwa matope, babu. Matope na mchanga, chini ya maji. Yakafunikwa, yakazama chini sana, yakapikwa na kukandamizwa mpaka yakawa mwamba. Ndipo yakapandishwa juu tena."

"Na nani alikuwepo akaona? Mwalimu wako huyu?"

"Hata yeye hakuwepo, babu. Ingawa kwa mvi zile mtu anaweza kudhani."

Daktari alikohoa. Mimi yule binti akaanza kunipendeza.

Akaeleza kwamba kazi yake haikuwa kujua kama ni matope, hilo limeshajulikana. Yeye alitaka kujua ni matope ya nani. Kwa sababu matope hayajizai. Kwanza yalikuwa nchi nyingine, milima mingine, ikanyeshewa ikaliwa na maji, mito ikaibeba. Nchi ile ilishakwisha. Iliyobaki ni matope yake, na matope yenyewe yamekuwa jiwe. Sasa utaijuaje?

"Huijui," nikasema. "Imekwisha, imekwisha."

Akasema wanalisaga jiwe liwe unga laini, wanaupeleka maabara, mashine inahesabu vitu vilivyomo. Vitu vingine vinayeyuka na kutoroka jiwe linapopikwa, hivyo hawavitegemei. Lakini vipo vigumu, moto hauvitoi wala maji hayavioshi. Akavitaja: thoriamu, skandiamu, zirkoni. Nikamwambia hayo ni majina ya dawa za kuogeshea ng'ombe. Hakukasirika. Akasema nchi ya granaiti inaacha vitu vya namna yake ndani ya matope, na nchi ya volkano inaacha vya kwake, na punje za zirkoni zinatunza hata umri. Kazi hiyo inaitwa jiokemia.

Mimi nilikuwa nimeshachoka kusikiliza. Mke wangu, ambaye shule hakuiona hata dirishani, ndiye aliyesema, "Kumbe ni kama ugali. Usage uwele, upike, usonge, mtu akitia tonge mdomoni atajua ni uwele si mtama."

Binti aliruka akamshika mikono. "Bibi! Hivyo hivyo! Ningekuwa na wewe darasani!"

"Ugali unaliwa," nikasema. "Mlima unaliwa na nani?"

Baadaye, daktari akiwa ameshakwenda kulala kwenye hema lake, nilimuuliza yule binti akishajua itamsaidia nini. Akasema ataandika kitabu, atasimama mbele ya walimu akitetee. Wakiridhika anapata shahada yake ya pili. Wasiporidhika, miaka yake miwili imepeperushwa na upepo wa Dodoma, na nyumbani kwao kila mtu anamsubiri aache kuokota mawe aolewe. Alisema akicheka, lakini mikono yake haikucheka; ilikuwa inaukunja na kuukunjua mfuko wa sampuli.

Wakaondoka. Kule juu mgongoni mwa mlima waliacha alama za rangi nyeupe zenye namba.

Mvua zilipoanza akanipigia simu. Mawe yaliyotoka kwenye alama tatu yalikuwa yameoza kwa jua na mvua, maabara inataka ya ndani, mabichi. Yeye hawezi kutoka chuoni. "Babu, nakuomba unipasulie pale kwenye alama zenyewe, kila alama jiwe moja, uniandikie namba yake, uyatie kwenye basi."

"Unanifundisha kupasua?"

"Nisamehe babu. Ila ni pale pale, babu."

Nilipanda. Asiseme mtu kwamba sikupanda. Nilipanda na mtaimbo na nyundo yangu ya ratili kumi na mbili, kwenye utelezi, magoti haya haya. Nikachimba kila alama mpaka nikafika kwenye jiwe bichi. Nikayashusha yote matatu kwenye gunia, nikayaweka uwanjani, nikayapiga.

Bwu. Bwu. Bwu.

Yalikuwa meusi-meusi, yamejaa ulanga, ukiyagusa yanaacha vumbi la kumeta vidoleni. Mawe ya hovyo kabisa. Nikaona picha: chuo kikuu, watu wa makoti meupe wamezunguka meza, wanafungua gunia la mzee wa Kibakwe, wanakuta uchafu ule. Na yule binti amesimama pale akisema babu yangu ndiye aliyeyapasua. Nikaona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Pembeni ya nyumba nilikuwa na lundo langu. Ni mawe niliyokuja nayo kutoka Ihumwa. Kazi ilipokwisha kule, Fuso moja, lori la mizigo, ilikuwa inarudi Kibakwe tupu, nikaipakia. Granaiti safi, nyeupe yenye wekundu kidogo, ukiigonga inalia mpaka mbwa anainua kichwa. Niliyachagua moja moja na mke wangu nilishamwambia, hayo yasiuzwe, hayo ni ya kaburi langu. Nikatoa matatu. Nikayachonga vizuri yakatoshana, nikayaandika namba za binti kwa rangi, nikayafunga kwenye gunia jipya. Yale mabaya mke wangu aliyachukua akagandamizia bati la banda la kuku.

Nilimpa mtoto wa watu mawe ya kaburi langu. Nilijiona mtu mkarimu kuliko wote wilaya nzima.

Baada ya miezi akapiga tena, sauti chini. "Babu, samahani. Yale mawe matatu, yote yalitoka kwenye alama?"

Hapo ningesema. Mlango ulikuwa wazi. Lakini aliuliza kama mtu anayenikagua, na mimi sijakaguliwa na mtu tangu nilipoacha shule.

"Unaniuliza mimi habari ya jiwe? Mimi?"

"Nisamehe babu."

"Wewe andika."

Kiangazi kikafika na gari likaja. Daktari alishuka akiwa na furaha kama aliyeoa. Alinishika mkono kwa mikono yote miwili. Binti alishuka nyuma yake, akanipa shikamoo, akaenda kukaa kwenye mkeka na mke wangu aliyekuwa anabangua karanga.

"Mzee," akasema daktari, "mawe yako yametikisa watu!"

Nikasema hilo sishangai.

Akavunja kijiti, akaanza kuchora kwenye mchanga wangu nilioufagia. Hapa Dodoma, nchi ya granaiti ya kale, ya kale kiasi kwamba ukitaja miaka yake pumzi inakuishia. Hapa Kibakwe, mlima wetu, ambao kwa hesabu za hao watu ni mtoto kwa Dodoma. Mawe yote ya mlimani yanasema jambo moja, isipokuwa matatu. Yale matatu yana zirkoni kongwe kupita kiasi, na vitu vyake vyote ni vya ukoo wa granaiti ya Dodoma. Si unga uliotoka huko ukaja kupikwa hapa, la. Ni nchi yenyewe. Akachora mshale mrefu kutoka Dodoma hadi Kibakwe, akaukandamiza ncha.

"Unaelewa maana yake, mzee? Kipande cha nchi ile ya kale kilisafiri. Kikaja kuchomekwa katikati ya mlima huu! Hakuna aliyewahi kulisema!"

"Kilisafiri vipi?"

"Kwa nguvu za dunia. Polepole. Kidogo kidogo."

Mimi nikaiona ile Fuso. Nikamwona dereva na kijiti chake mdomoni, nikaona pancha mbili tulizopata njiani, nikaona tunavyosukuma kwenye mchanga wa korongoni. Polepole kweli. Kidogo kidogo kweli. Kicheko kilinipanda kikafika kooni. Huyu bwana, na viatu vyake na nyundo yake ya mpira, alikuwa ameokota Fuso akaiita nguvu za dunia!

Nikamgeukia binti ili tucheke wote na akili zetu za watu wa kawaida. Hakuwa anacheka. Alikuwa anatazama ule mshale kama mtu anayetazama maiti.

"Na wewe unasemaje?" nikamuuliza.

"Mimi sielewi, babu." Alisema polepole. "Nimerudia hesabu mpaka macho yakauma. Nilisaga uwele, ugali unatoka mtama. Mwalimu anasema niandike, ni ugunduzi. Wiki mbili zijazo nasimama mbele ya walimu. Wataniuliza mawe haya yalitoka wapi. Nitawaambia kuna babu yangu Kibakwe aliyapasua kwa mkono wake, na yeye hakosei jiwe."

Mke wangu aliacha kubangua. Aliinua uso, akatazama juu ya banda la kuku, akarudisha macho kwenye karanga. Pale juu ya bati mawe yale matatu yalikuwa yanameta kwa jua kama yanayonikonyeza.

Basi dharau yangu yote, niliyokuwa nimemrundikia yule mlamba mawe, ikanigeukia. Nilimcheka kwa ajili ya unga wake. Na unga huo ndio uliolitaja jiwe langu kwao ni wapi. Hakuna aliyeiambia ile mashine kwamba mawe yale ni ya upande wa Dodoma. Nilikuwa nimeyafungia ndani ya namba za uongo, na bado ikasema haya si ya hapa, haya ni ya kule. Mimi kwa nyundo yangu na sikio langu la miaka yote hii najua jiwe zima na jiwe bovu. Jiwe limezaliwa wapi, ukinifumba macho sijui. Mtu aliyekuwa amekosea pale alikuwa mmoja, naye alikuwa amekaa kwenye kiti chake mwenyewe akijiona mjanja. Tena alikuwa anasubiri kumwona mtoto akisimama mbele za watu kuitetea Fuso.

"Kilikuja kwa Fuso," nikasema.

Daktari akatabasamu. "Nini, mzee?"

"Hicho kipande chako cha nchi. Hakikuja kwa nguvu za dunia. Nilikileta mimi kwa Fuso kutoka Ihumwa. Ni mawe ya kaburi langu. Yale ya kwenye alama ndiyo yale pale juu ya kuku."

Kuku mmoja akaona ndiyo nafasi yake ya kupiga kelele.

Daktari akasimama, kijiti kikamdondoka. "Mzee, umetudanganya! Unajua nimeshawaeleza watu wangapi? Unajua umenivunjia nini?"

"Nimekudanganya, kweli. Yale ya kwenu hayakulia, nikaona aibu kuyatuma. Lakini wewe ulijidanganya mwenyewe na kijiti. Huyu mtoto alikwambia haelewi, ukamwambia aandike. Kosa langu ni la mtu wa darasa la tatu. Lako ni la darasa la ngapi?"

"Baba watoto," mke wangu akasema, "punguza. Aliyekosa ni wewe."

Nikapunguza.

Yule binti hakutusikiliza. Alikuwa ameshaburuta kinu mpaka kwenye banda, kapanda juu yake, anashusha mawe, kuku wanaruka huku na huku. Alilikumbatia moja kifuani na vumbi la ulanga likamjaa shingoni.

"Haya ndiyo, babu? Haya ndiyo ya alama?"

"Ndiyo hayo. Mabaya."

"Mazuri! Babu, mazuri sana, tazama ulanga ulivyojipanga!" Machozi yalikuwa yanamtoka, na alikuwa anacheka. "Haya ndiyo matope yangu."

Daktari alisogea, akalitazama, na mazoea yakamzidi nguvu: akatoa ulimi.

"Usilambe hilo," mke wangu akamwahi. "Lina mavi ya kuku."

Ndivyo ilivyotubidi kupanda tena, maana mavi ya kuku nayo yana vitu vyake ambavyo ile mashine ingevihesabu, na jiwe lililoshinda miezi kwenye banda halina tena wa kulishuhudia lilikotoka. Nilitangulia na katambuga zangu. Daktari na viatu vyake vya gharama aliteleza mara mbili na sikumpa mkono, ya tatu nikampa. Njiani alikuwa anajisemea kwamba ataomba siku ya binti isogezwe mbele, atawaambia walimu wenzake kwamba sampuli zilichanganyika.

"Hazikuchanganyika," nikamwambia. "Mawe hayana miguu. Nipe karatasi."

Hakutaka. Binti akanipa ukurasa wa daftari lake na kalamu. Nikaketi pale juu, paja likiwa meza, nikaandika. Mkono wangu kwenye kalamu ni mzito kuliko kwenye mtaimbo, na wote wawili walisimama wakanisubiri. Niliandika: Mawe matatu ya kwanza si ya mlima huu. Ni ya Ihumwa. Niliyabadili mimi kwa sababu haya ya hapa ni mabaya. Nikaweka sahihi. Daktari akaomba kuisoma, akaisoma, akakunja ile karatasi vizuri kuliko nilivyotegemea.

Kisha nikatema mate kwenye viganja, nikapiga kwenye alama ya kwanza.

Bwu.

Nikatupa jicho pembeni. Hatua mbili tu kulikuwa na mshipa mweupe, mgumu, nikaugonga kidogo kwa mazoea. Ngeee. Mkono wangu wenyewe ukaanza kuinua nyundo.

"Babu," binti akasema.

"Nimekusikia."

Nikarudi kwenye lile bubu, nikalikata, nikalitoa likiwa linanimomonyokea vidoleni. Aliupanua mfuko wake na kuushika kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto.

"Haya," nikamwambia, "chukua takataka zako. Bado mawili."